Gari likizima njiani: nani analipa kulivuta, na waranti inaishia wapi

Bili ya gari lililoharibika huanza kupanda kabla fundi hajafungua boneti. Umesimama vipi, umeita bredauni ya aina gani, magurudumu gani yaliachwa yakizunguka barabarani, gereji gani ilipokea gari, nani alikuwa wa kwanza kushika spana: lolote kati ya hayo linaweza kuhamisha gharama kutoka kwa mtengenezaji au kampuni ya bima na kuileta kwako. Kwa hiyo tunayafuata mambo kwa mpangilio yanavyotokea, kuanzia taa ya dashibodi hadi barua ya kukataliwa madai.

Tenganisha karatasi kabla hujapiga simu

Ugomvi mwingi unatokana na mtu kudai kwenye karatasi isiyohusika. Kuna bima ya gari, kuna huduma ya msaada wa barabarani, na kuna waranti.

Bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi. Giaboksi iliyokufa yenyewe haiihusu, hata kama umelipia daraja la juu kabisa. Baada ya ajali, bima nyingi hulipa pia kuvutwa hadi gereji ya karibu, lakini kwa kiwango kilichowekwa. Kinachozidi ni chako.

Huduma ya msaada wa barabarani hulipia mtu kukufikia na gari kuhamishwa. Spea na matengenezo hazimo. Huduma hizi zina madaraja: ya chini hujaribu kukuwashia hapohapo, inayofuata hukupeleka gereji ya karibu, ya juu hukupeleka unakotaka. Tazama pia masharti madogo: idadi ya wito kwa mwaka, kikomo cha uzito (mara nyingi tani 3.5), saa au siku za kusubiri baada ya kujiunga, na kama huduma inafuata gari au inafuata mtu. Baadhi hazikuhudumii gari likifia nyumbani au mita mia chache kutoka nyumbani mpaka ulipie nyongeza, na nyingi hazirudi mara ya pili kwa tatizo lilelile ambalo hukulitengeneza.

Waranti hulipa kurekebisha kasoro ya gari. Kuvuta hulipwa tu kama kumeandikwa, na mara nyingi kwa sharti kwamba kasoro yenyewe imekubaliwa. Maana yake ni kwamba unaweza kulipa bredauni leo, ukarudishiwa baada ya wiki kadhaa, au usirudishiwe kabisa iwapo uchunguzi utaonyesha tatizo lilikuwa mafuta machafu.

Nje ya karatasi hizo tatu kuna haki yako kisheria dhidi ya aliyekuuzia gari. Hiyo haitegemei waranti, na tutairudia mwishoni.

Hatua ya 1: Simama mapema, na uache ushahidi ulivyo

Taa nyekundu ina maana ya kusimama sasa, si ukifika. Taa yenye kopo la oili inaonyesha presha. Kiwango ni suala jingine. Presha ikikosekana, beringi za krenki zinasagana chuma kwa chuma, na injini inaweza kuharibika ndani ya muda mfupi sana. Zima injini mara gari linapokuwa mahali salama.

Joto lina mtego wake. Maji yakimwagika yote, kihisi cha joto kinabaki hewani badala ya kuzama majini, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiona mshale umepanda kisha umeshuka ghafla huku hita inapuliza baridi, usishukuru. Simama, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe kabisa.

Hapa ndipo waranti nyingi zinapofia. Mpira wa maji uliopasuka ni spea ndogo. Silinda hedi ya alumini iliyopinda kwa sababu dereva aliendelea kilomita chache ni kazi kubwa, na itaandikwa "uharibifu uliotokana na kuendelea kuendesha". Usitegemee neno lako tu kukutetea: kompyuta ya injini huhifadhi kodi ya hitilafu (namba inayotambulisha kosa) pamoja na hali ilivyokuwa wakati huo, yaani joto, mizunguko ya injini na kasi. Magari mengi huhifadhi na kilomita.

Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu fundi wa njiani afute kodi "tuone kama itarudi", na usichomoe betri bila sababu. Ukiwa na kasoro halali, rekodi hiyo ni shahidi wako.

Washa taa za hazadi, weka pembetatu angalau mita 45 hadi 50 nyuma ya gari. Kwenye barabara kuu za kasi usitembee kuiweka. Watu wote watoke upande usiopitiwa na magari na wasimame nyuma ya kingo za chuma. Ukishakuwa salama, piga picha ya dashibodi swichi ikiwa imewashwa, ili taa za onyo na odometa (kipimo cha kilomita) vionekane pamoja. Andika saa, sauti iliyosikika, rangi ya moshi na kilichotangulia. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoungua, wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa.

Hatua ya 2: Simu ya kwanza

Simu ya kwanza iende kwenye namba iliyo kwenye kijitabu cha waranti au kadi ya msaada wa barabarani, kabla ya bredauni yoyote. Wengi wao hawarudishi fedha za gari ulilojitafutia mwenyewe, hata kama ulipata bei nafuu kuliko yao. Uliza: mnalipa kuvuta hadi umbali gani au kiasi gani, gereji ipi inaruhusiwa, nani ataleta bredauni, na namba ya kumbukumbu ya simu hii ni ipi. Iandike namba hiyo. Bila namba, simu haikupigwa.

Kama polisi au msimamizi wa barabara ameamuru gari liondolewe, huna nafasi ya kuchagua. Mara nyingi kuna kampuni moja yenye kibali cha kipande hicho. Omba orodha ya tozo na risiti, kisha mjulishe mwenye huduma yako papo hapo kwamba uliamriwa.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kuvuta kulingana na gari

Watu huchagua bredauni kwa bei, na hapo ndipo huokoa kidogo wakapoteza giaboksi nzima.

Giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimika, pampu nayo imelala. Ukiyaacha magurudumu yanayopokea nguvu yazunguke barabarani, yanazungusha shafti na beringi za ndani bila oili kusukumwa kwenda popote. Kuweka gia kwenye N hakuleti oili. Kunatenganisha injini tu. Vitabu vya baadhi ya magari vinaruhusu umbali mfupi kwa mwendo mdogo, kwa mfano kilomita 50 bila kuzidi kilomita 50 kwa saa. Vingine vinakataza hata mita moja. Giaboksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua, zipo kwenye kundi hilohilo la tahadhari.

Kwa mpangilio wa magurudumu:

- Nguvu ikienda mbele: nyanyua mbele, nyuma yazunguke, hendibreki ikiwa imeachiwa.
- Nguvu ikienda nyuma: nyanyua nyuma, mbele yazunguke, usukani ukiwa umenyooshwa na kufungwa kwa mkanda. Kufuli la stelingi halikutengenezwa kushikilia gari linalovutwa.
- Nguvu ikienda magurudumu yote manne: yote manne yawe juu. Ukinyanyua mawili na kuacha mawili, difu ya katikati au klachi inayogawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika hadi kuungua.
- Haibridi na gari la umeme: lori la kitanda, linalobeba gari zima juu yake. Mota yenye sumaku za kudumu huzalisha umeme gurudumu linapozunguka, na umeme huo unaweza kuharibu vifaa vya kielektroniki vinavyoiendesha mota. Magari mengi ya aina hii pia yana hali maalumu ya kusafirishwa inayowekwa kwenye skrini.

Manyuali inavumilia zaidi, ingawa kikomo cha kasi na umbali bado kimo kwenye kitabu cha gari. Ukiwa na shaka yoyote, omba lori la kitanda. Kama halipatikani, bredauni ya kunyanyua inaweza kuweka vigari vidogo vya magurudumu chini ya ekseli ya pili. Vinatozwa zaidi, na vinastahili.

Kamba ni ya kuondoa gari kwenye hatari, basi. Injini ikiwa imezima, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Swichi lazima iwe imefunguliwa ili stelingi isijifunge kwenye kona. Kamba iwe mita 4 hadi 5, ifungwe kwenye kitanzi cha kuvutia chenyewe. Kitanzi hicho mara nyingi kimo kwenye boksi la jeki, na hukazwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo cha bampa. Kwenye baadhi ya magari uzi wake ni wa kinyume, unakazwa kwa kuzungushia kushoto. Anayelazimisha kulia anaharibu uzi. Kizungushe mpaka kigote. Kitanzi kilichokazwa nusu hung'oka na kuruka.

Betri ikifa kabisa kuna vikwazo viwili. Gia ya otomatiki haitoki P, na hendibreki ya umeme haiachii. Kwa gia, magari mengi yana kifuniko kidogo kando ya wenzo. Ukikitoa kwa bisibisi na kubonyeza ndani huku umekanyaga breki, wenzo unatoka. Kwa hendibreki, betri ndogo ya kuwashia gari mara nyingi inatosha kuiachia. Ukikosa, gari litaburuzwa juu ya vibao vya kutelezea, na hiyo ni kazi ya ziada kwenye bili.

Hatua ya 4: Kubaliana bei ukijua inajengwa na nini

"Nitakuvuta kwa bei nzuri" si bei. Bili ya bredauni ina ada ya kutoka kituoni, kupakia, kilomita, muda wa kusubiri, tozo za barabara na kodi. Juu yake kuna nyongeza za usiku, wikendi na sikukuu, za uzito, na za kazi ngumu: kulitoa gari mtaroni kwa winchi hutozwa kwa saa, na gurudumu lililokwama au funguo iliyopotea huongeza.

Swali linaloleta tofauti kubwa ni kilomita zinahesabiwa kutoka wapi. Chukua kituo kilicho kilomita 20 kutoka ulipo, gereji iliyo kilomita 15 mbele, na kilomita 25 za bredauni kurudi kituoni. Anayehesabu kilomita akiwa amebeba gari atakutoza 15. Anayehesabu kutoka kituoni hadi kituoni atakutoza 60. Bei yake ya kilomita moja inaweza kuwa nusu ya mwenzake na bado ukalipa mara mbili.

Uliza pia itakuwaje gari likiwaka kabla hawajafika. Ada ya kutoka kwa kawaida hairudi, lakini iliyobaki isidaiwe.

Tuma ujumbe wa maandishi, mfupi na kamili:

"Gari ni dogo, otomatiki, nguvu ziko mbele. Liko kando ya lami, magurudumu yote yanazunguka, funguo ipo, betri ina moto. Nahitaji lori la kitanda hadi gereji fulani, kilomita 15. Nitajie bei yote pamoja na kupakia, kilomita, tozo na kodi. Sihitaji hifadhi, na gari lisifunguliwe bila idhini yangu ya maandishi."

Jibu lake ndilo mkataba wenu. Akikataa kuandika, hiyo nayo ni taarifa.

Hatua ya 5: Wakati wa kupakia

Piga picha pande zote nne, chini ya bampa, ringi zote na odometa. Ya odometa inathibitisha baadaye kwamba gari halikuendeshwa kati ya kuvutwa na kuchunguzwa. Mikanda ifungwe kwenye matairi. Ndoano zikishikwa kwenye mikono ya sasipensheni au rodi za stelingi huzipinda, na gari litakalotengenezwa injini litatoka likivuta upande. Gari la chini sana liwekewe mbao kwenye mteremko ili bampa isikwaruze.

Mwulize mwendeshaji kama ana bima ya gari alilobeba. Bima ya lori lake ni kitu kingine. Karatasi atakayokupa usiisaini ikiwa ina nafasi tupu. Tafuta mistari miwili: inayosema unaidhinisha matengenezo, na inayosema unakubali hifadhi. Ikate kwa kalamu, saini pembeni, piga picha.

Hatua ya 6: Gari lishukie wapi

Gereji ya karibu ni nafuu kwa kuvuta, lakini matengenezo ya waranti ya mtengenezaji hufanywa na wakala aliyeidhinishwa tu. Ukilishusha mahali pengine, utalipia kuvutwa mara ya pili, na safari ya pili karibu hakuna anayeirudisha. Afadhali kilomita 30 zaidi mara moja.

Usiku wakala akiwa amefunga, uliza kama ana uwanja wenye mlinzi na namna ya kuacha funguo. La sivyo gari litalala kwenye yadi ya bredauni, na hapo hifadhi inaanza. Uliza siku inahesabiwaje. Kwenye yadi inayohesabu kwa tarehe, gari lililoingia saa 5 usiku na kutoka saa 2 asubuhi limekaa siku 2. Kuna ada ya kulitoa pia, na nyongeza ukilitoa nje ya saa za kazi. Hifadhi ndiyo sehemu ya bili inayokua wakati wewe unabishana, kwa hiyo lipa huku ukiandika kwamba unapinga, chukua gari, kisha endelea kudai.

Waranti inaishia wapi

Muda huanza siku gari lilipouzwa au kusajiliwa mara ya kwanza. Gari la maonyesho lililotumiwa na muuzaji miezi 6 limekuja kwako likiwa limekula miezi 6. Kikomo kina mguu wa pili, kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachofunga: waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000 huisha mwaka wa 2 kwa anayetembea kilomita 50,000 kwa mwaka.

Ndani ya waranti moja kuna tabaka. Toyota nchini Marekani hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari kwa jumla, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini, giaboksi na viungo vya kupeleka nguvu. Kia barani Ulaya hutoa miaka 7 au kilomita 150,000. Betri kubwa ya gari la umeme mara nyingi ina miaka 8 au kilomita 160,000, na inahesabiwa imeshindwa uwezo wake ukishuka chini ya asilimia 70. Waranti ya kutu husubiri bati litoboke kutoka ndani kwenda nje. Kutu ya juu iliyoanzia kwenye mchubuko haimo. Matairi yana waranti ya mtengenezaji wake, na betri ya kuwashia mara nyingi ina muda mfupi kuliko gari.

Visivyolipwa hufuata mantiki moja: waranti inajibu kilichokuwa kibaya tangu kiwandani. Kinachoisha kwa kutumika kama pedi za breki, sahani ya klachi, waipa, balbu, plagi na filta ni chako. Vivyo hivyo maji kwenye dizeli, petroli iliyomiminwa kwenye gari la dizeli, mafuriko, kubeba kupita uzito, mashindano, na mara nyingi teksi. Gari lililotangazwa na bima kuwa limeharibika kabisa hupoteza waranti hata likitengenezwa vizuri. Lililonunuliwa kwenye soko la nchi nyingine na kuletwa likiwa limetumika mara nyingi halina waranti huku lilikofika, hata kama miaka haijaisha.

Hasara zinazofuata nazo haziguswi: hoteli, gari la kukodi, siku za kazi zilizopotea.

Spea iliyobadilishwa chini ya waranti haianzishi muda mpya. Kwa kawaida inabeba muda uliobaki wa gari. Alteneta mpya iliyofungwa mwezi mmoja kabla ya waranti kuisha inaweza kuwa na mwezi mmoja tu, ingawa watengenezaji wengine hutoa muda wa pekee kwa spea. Uliza wakati huo.

Kuhusu marekebisho, kufunga redio hakuui waranti ya giaboksi. Lakini programu ya injini iliyobadilishwa ili kuongeza nguvu inagusa injini, giaboksi, klachi na shafti zote, na mawakala wana vifaa vya kuitambua hata ukirudisha programu ya zamani. Waya za king'ora zilizounganishwa kwa kuchuna zinafungua mlango wa kukataliwa kila hitilafu ya umeme.

Sevisi ina imani moja iliyoenea ambayo si kweli kila mahali: kwamba sevisi nje ya wakala inafuta waranti. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inakataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la spea au huduma zake mwenyewe, isipokuwa azitoe bure au apate kibali maalumu. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni 461/2010 na miongozo yake zinaelekea hukohuko. Kinachobaki ni ushahidi. Risiti inayosema "sevisi, oili" haisaidii. Inayosaidia ina tarehe, kilomita, namba ya chesisi, aina kamili ya oili pamoja na idhini ya mtengenezaji iliyotajwa kwenye kitabu, lita zilizowekwa na namba ya filta. Sevisi ifanyike ndani ya kipindi. Waranti nyingi za kununua, tutakazozieleza hapa chini, huruhusu kuchelewa kidogo tu, kama siku 30 au kilomita 1,000.

Waranti ya kununua ni mnyama mwingine

Hii ndiyo unayouziwa pamoja na gari lililotumika, au ile ya kwanza ikiisha. Ziko za aina mbili. Moja hutaja spea zinazolipwa, isiyotajwa haipo. Nyingine hulipa vyote isipokuwa vilivyotajwa, na ndiyo bora, mradi orodha ya "isipokuwa" si ndefu kuliko gari lenyewe. Angalia hasa sili na mivujo, mipira, nyaya, vihisi, skrini, tabo, katalisti na filta ya masizi ya dizeli. Angalia pia kama inahitaji spea "ivunjike ghafla". Giaboksi iliyoanza kuteleza polepole haijavunjika ghafla.

Kuna siku za mwanzo ambazo madai hayapokelewi, mara nyingi 30. Kuna kikomo kwa kila dai, na kikomo cha jumla kinachoweza kuishia kwenye thamani ya gari sokoni.

Sasa tazama bili ya 1,000, kwa fedha yoyote. Spea 600, ufundi saa 10 kwa 40, yaani 400. Mkataba unakata asilimia 30 ya spea kwa uchakavu wa kilomita: inabaki 420. Unatambua saa 8 za kitabu badala ya 10, na hulipa 25 kwa saa: 200. Jumla 620. Toa 50 ambayo ni sehemu unayobeba mwenyewe. Wanalipa 570, wewe unalipa 430, bado bredauni na uchunguzi. Hakuna aliyekudanganya, tarakimu zote zilikuwa kwenye kurasa za ndani. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, kwa tatizo linalojulikana kwenye aina ya gari lako.

Hatua ya 7: Kudai

1. Gari lisifunguliwe. Madai mengi hukataliwa kwa sababu injini iliteremshwa kabla ya idhini, na mkaguzi wa waranti alikuta boksi la vyuma.

2. Fungua dai kwa maandishi, ukiambatanisha picha ya dashibodi, namba ya simu ya kwanza, risiti za sevisi na risiti ya bredauni.

3. Uliza nani analipa uchunguzi. Kawaida wewe unatanguliza, unarudishiwa kasoro ikikubaliwa. Weka kikomo cha saa: "msizidi saa 2 bila kuniuliza".

4. Idhini ya kufungua itolewe kwa hatua. Kwanza kamera ya kuchungulia silinda na kipimo cha mgandamizo, kisha hedi, kisha sehemu ya chini ya injini. Dai likikataliwa, kufungua na kufunga ni kwa gharama yako.

5. Ankara itenganishe spea, ufundi, uchunguzi na kuvuta. Iliyojumlishwa kwa mstari mmoja hurudishwa.

6. Spea mbovu zote zibaki, pamoja na chupa ya oili iliyotolewa na filta yake. Vipande vya chuma ndani ya filta vinaonyesha tatizo lilianzia wapi.

Mfano mzuri ni taimingi belti. Ikikatika kwenye injini ambayo vali na pistoni hupishana nafasi, vali zinapinda. Swali la mkaguzi ni moja: ilikuwa ndani ya kilomita na miaka iliyoandikwa? Ukiwa na risiti, vali zinaweza kulipwa. Ukiwa huna, hata belti iliyofungwa jana haijafungwa.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi ikitaja kifungu namba na spea gani ilishindwa kwanza. "Uchakavu" peke yake si jibu. Waulize ni kipimo gani kilipimwa na kikomo chake ni kipi. Tafuta mhandisi wa kujitegemea kabla gari halijatengenezwa, kwa kuwa baada ya hapo hana cha kutazama.

Gari ukiwa umelinunua karibuni, geukia haki ya kisheria dhidi ya muuzaji. Uingereza, sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro, na ndani ya miezi 6 ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo alipouza. Umoja wa Ulaya una dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2 kwa bidhaa mpya. Waranti haiwezi kufuta haki hizo, hata ikiandika hivyo.

Na kama waranti imeisha kwa wiki chache au kilomita chache, bado kuna mchango wa hiari wa mtengenezaji, ambao hautangazwi kwa wingi. Huombwa kupitia wakala kabla ya matengenezo, na hutolewa kwa asilimia: spea zote na ufundi nusu, au pungufu ya hapo. Wanaangalia sevisi zilizofanywa kwa wakati, kilomita, na kama tatizo hilo wanalijua. Anayetengeneza kwanza kisha akaomba kwa kawaida hajibiwi, kwa hiyo kama gari linaweza kusubiri bila hifadhi kutozwa, lisubiri mpaka jibu lije kwa maandishi.